Namna ya Kumwuliza Mkutubi Mwenzako Swali la Utafiti

Msomaji akifika mezani na kueleza kwamba babu yake alipata kuchapisha shairi katika Mambo Leo, gazeti la kila mwezi lililoanza kutolewa Dar es Salaam mwaka 1923, mkutubi ambaye maktaba yake haina matoleo yote hana budi kumwandikia mwenzake. Mwenzako huyo ataacha foleni ya wasomaji wake ili akutafutie wewe, kwa hiyo mpelekee swali lililokwisha kuchambuliwa.

Anza kwa kumhoji msomaji mpaka umwelewe, maana anayeomba "magazeti ya zamani ya Tanganyika" huenda anahitaji beti nne tu. Mwulize babu aliishi mji gani, jina lake liliandikwaje enzi hizo, na kama alitumia lakabu. Ikiwa jamaa zake wanakumbuka mwaka wa Hijria, utaje pamoja na wa Miladi: mwaka 1345 ulianza Julai 1926 ukaisha Juni 1927, na mtafutaji asiyeambiwa hivyo atafungua jalada moja na kuliacha la pili.

Jambo ninalolisisitiza kuliko yote ni kusema ulikokwisha kutafuta, hata kama hukupata kitu. Nimewahi kupekua majalada kwa siku mbili, kumbe aliyeniuliza alikwisha kuyapitia yaleyale. Barua inayofaa huwa hivi:

"Natafuta shairi la mtu wa Pangani lililochapishwa katika Mambo Leo kati ya Julai 1926 na Juni 1927. Matoleo ya Januari hadi Juni 1927 tunayo na nimeyapitia ukurasa kwa ukurasa, sikuliona. Je, mnayo ya Julai hadi Desemba 1926? Msomaji angeomba picha ya ukurasa huo kabla ya tarehe 20, na gharama atalipa."

Angalia kwamba msomaji hakutajwa jina. Utafiti wake ni siri yake mpaka atoe ruhusa. Tarehe ya mwisho nayo iwe ya kweli.

Ukiuliza maktaba zaidi ya moja, ziarifu zote, na jibu likipatikana ziandikie siku hiyohiyo ili wenzako wasiendelee kupekua bure. Aliyekusaidia mshukuru, umweleze kama shairi lilikuwa lenyewe, kisha namba ya toleo na ya ukurasa iandike katika daftari la maswali la maktaba yako, kwa kuwa wajukuu wengine wa mshairi huyo wanaweza kuja.