Nyumba ya Matofali ya Kufungamana: Namna ya Kuanza na Udongo wa Kiwanja Chako

Anayetaka kujenga nyumba ya vyumba viwili au vitatu nchini Tanzania kwa kawaida huchagua ukuta wake kati ya tofali za kuchoma, tofali za saruji na mchanga, au fito na udongo. Tofali za kuchoma hula kuni nyingi na huacha vilima vitupu kandokando ya vijiji. Tofali za saruji hula pesa ya saruji na nauli ya lori la mchanga. Nyumba ya fito hula muda wa mwenyewe, kwa sababu kila baada ya masika lazima akandike upya. Ipo njia nyingine iliyokwisha kufanyiwa kazi kwa miaka mingi na Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi, nayo ni tofali la udongo uliochanganywa na saruji kidogo, likashindiliwa kwa mashine ya mkono, na kutoka likiwa na mbinuko upande mmoja na mfereji upande wa pili ili tofali likae juu ya tofali bila udongo wa kujengea katikati. Mafundi huliita tofali la kufungamana.

Mashine zenyewe ni za ukoo wa CINVA-Ram, iliyobuniwa na mhandisi Raúl Ramírez mjini Bogotá, Colombia, katika miaka ya 1950, na zote zinafanya kazi ileile: mkono mrefu wa chuma unashinikiza udongo ndani ya kisanduku. Mnunuzi hushawishika kuamini kwamba mashine ndiyo nyumba. Sivyo. Mashine nzuri ikilishwa udongo mbaya hutoa tofali baya lenye sura nzuri, na ubaya wake hujitokeza mvua ya kwanza inapopiga ukuta. Kwa hiyo sehemu kubwa ya mwongozo huu inahusu udongo.

Kuupima udongo kabla ya kununua chochote

Chimba mashimo matatu au manne katika sehemu tofauti za kiwanja. Ondoa tabaka la juu lenye mizizi na mboji, ambalo mara nyingi ni nusu mita hivi, kwa kuwa mabaki ya mimea huizuia saruji kushika. Chukua sampuli chini ya hapo, na usichanganye sampuli za mashimo mawili, maana udongo unaweza kubadilika kabisa ndani ya hatua ishirini.

Kipimo cha kwanza hakina gharama. Chukua chupa ya kioo yenye mdomo mpana, ijaze udongo hadi theluthi, ongeza maji karibu kuijaza, tia chumvi kidogo, funga, kisha utikise kwa nguvu na uiweke mahali patulivu. Changarawe na mchanga vitashuka ndani ya dakika moja au mbili, vumbi laini litafuata, na udongo wa mfinyanzi utachukua hata siku nzima kutulia juu. Siku ya pili pima kila tabaka kwa rula. Udongo unaofaa kwa saruji ni ule ambao mchanga na changarawe ndogo ni kama theluthi mbili ya kimo chote au zaidi kidogo, na mfinyanzi ni kati ya asilimia 10 na 20. Mfinyanzi usipokuwapo kabisa, tofali bichi litavunjika mikononi wakati wa kulitoa kwenye mashine. Ukizidi, tofali litavimba likilowa na kupasuka likikauka, na saruji haitaweza kulizuia.

Kipimo cha pili ndicho kinachoamua kiasi cha saruji. Tengeneza kisanduku cha mbao kisicho na kifuniko, chenye urefu wa sentimita 60, upana wa sentimita 4 na kina cha sentimita 4 kwa ndani, ukipake mafuta, kisha ukijaze udongo uliochekechwa na kulowanishwa hadi uwe laini kama ule wa kukandikia ukuta. Usawazishe juu, ukiache juani siku tatu au kivulini siku saba. Udongo utasinyaa na kuacha nyufa. Usukume wote upande mmoja wa kisanduku na upime nafasi iliyobaki wazi. Kanuni inayotumiwa sana na watengenezaji wa matofali haya ni kwamba nafasi ikiwa chini ya milimita 15, ndoo 1 ya saruji inatosha ndoo 18 za udongo; kati ya 15 na 30, ndoo 16; kati ya 30 na 45, ndoo 14; kati ya 45 na 60, ndoo 12. Ikizidi hapo, usiongeze saruji tu, bali changanya udongo huo na mchanga au moramu, yaani udongo wenye changarawe, kisha urudie kipimo chote.

Wenye viwanja kwenye mbuga, yaani ule udongo mweusi unaopasuka wakati wa kiangazi hadi mguu unaingia, wauache. Kuupatia mchanga wa kutosha maana yake ni kukodi lori, na ukishakodi lori la mchanga faida ya tofali hili imekwisha. Udongo wa kichuguu nao, ambao kwetu unasifiwa kwa tofali za kuchoma, una mfinyanzi mwingi na kwa kawaida hauwezi kutumika peke yake. Kwa udongo wenye mfinyanzi mwingi, chokaa hushika vizuri kuliko saruji, lakini hukomaa polepole, na inafaa zaidi kwa mtu asiye na haraka anayeishi karibu na inakochomwa.

Kuhesabu mahitaji

Tofali la kawaida la aina hii lina urefu wa sentimita 30, upana wa 15 na kimo cha 10, kwa hiyo mita moja ya mraba ya ukuta huhitaji matofali 33. Chukua mfano wa nyumba ndogo ambayo kuta zake zote, za nje na za ndani, zina urefu wa mita 30 na kimo cha mita 2.7. Hizo ni mita za mraba 81. Toa 11 za milango na madirisha, zinabaki 70, sawa na matofali 2,310. Ukiongeza ya kuvunjika na ya kukata nusu, fanya 2,450. Mfuko mmoja wa saruji wa kilo 50, kwa uwiano wa 1 kwa 16, hutoa takriban matofali 80, kwa hiyo utahitaji mifuko 31 kwa matofali peke yake. Udongo ni kama mita 17 za ujazo ukiwa umechimbuliwa, na sehemu yake kubwa inaweza kutoka kwenye shimo la choo na mitaro ya msingi ambayo ingechimbwa hata hivyo.

Hesabu hiyo inafaa kutazamwa bila kujidanganya. Ukilinganisha ukuta kwa ukuta, saruji unayookoa dhidi ya tofali la saruji la inchi 6 ni ndogo kuliko wauzaji wa mashine wanavyosema. Akiba halisi iko kwingine: mchanga usionunuliwa, nauli isiyolipwa, saruji ya kujengea isiyohitajika kati ya tabaka na tabaka, na lipu ambayo mtu anaweza kuiahirisha au kuiacha kabisa. Anayefyatua matofali mbali na kiwanja na kuyasafirisha, kisha akapiga lipu ndani na nje, ametupa karibu akiba yote.

Kuchanganya, kufyatua na kukomaza

Chekecha udongo kwa wavu wenye matundu ya milimita 5 au 6. Uchanganye na saruji vikiwa vikavu, ukigeuza kwa koleo mpaka rangi iwe moja, halafu nyunyiza maji kwa keni ya bustani, si kumwaga kwa ndoo. Hapa ndipo jicho la fundi linapohitajika. Kamata gao la mchanganyiko, lifinye kwa nguvu liwe donge, nyosha mkono mbele usawa wa bega, liachie lianguke kwenye sakafu ngumu. Likisambaratika kuwa unga, maji ni machache. Likibonyea na kubaki kipande kimoja kama kitumbua, maji yamezidi. Likigawanyika vipande vinne au vitano, umepata. Rudia kipimo hiki kwa kila mchanganyiko, kwa sababu jua la saa sita huondoa maji ambayo asubuhi yalitosha. Changanya kiasi kinachoweza kumalizika ndani ya nusu saa hadi dakika 45, kwani saruji ikianza kushika kabla ya kushindiliwa haina kazi tena, na kuongeza maji hakuirudishi.

Kila tofali lipimiwe udongo kwa chombo kilekile, kilichosawazishwa juu. Mkono wa mashine ukishuka kirahisi mno, udongo ni mdogo na tofali litakuwa jepesi. Ukihitaji watu wawili kuuning'inia, umezidi, na hivyo ndivyo mashine zinavyovunjika. Angalia kimo cha tofali kwa rula mara kwa mara. Ukuta wa saruji ya kujengea husamehe tofauti ndogo, huu hausamehe: tofauti ya milimita 2 tu kwa kila tofali, katika tabaka 27, ni zaidi ya sentimita 5 kati ya kona moja na nyingine. Kikundi cha watu watano waliozoea hufyatua kati ya matofali 300 na 500 kwa siku, hivyo nyumba ya mfano wetu ni kazi ya wiki moja hivi.

Kosa linalorudiwa mno hutokea baada ya hapo. Mafundi waliozoea tofali mbichi za udongo huyaanika juani yakauke upesi. Tofali lenye saruji halihitaji kukauka, linahitaji kukomaa, na halikomai bila maji. Yapangwe kivulini, siku ya kwanza yasiguswe, yafunikwe kwa nailoni, kisha yanyunyiziwe asubuhi na jioni kwa siku saba angalau. Yaachwe mpaka yatimize siku 28 kabla ya kubebeshwa mzigo wa ukuta. Kisha chagua machache bila kubagua, uyazamishe kwenye pipa la maji usiku na mchana mzima. Tofali ambalo kingo zake zinamenyeka kwa ukucha baada ya kulowa lisiingie kwenye ukuta wa nje.

Kujenga

Mchoro wa nyumba uandaliwe kwa kufuata tofali. Vipimo vya kuta, nafasi za milango na madirisha viwe vya kugawanyika kwa sentimita 15. Chumba cha mita 3.6 kitakubali, cha 3.5 kitakulazimisha kukata tofali kila tabaka. Msingi ni wa mawe au zege kama nyumba nyingine yoyote, na uinuke angalau sentimita 30 juu ya ardhi, ukiwa na nailoni ya kuzuia unyevu juu yake. Panga kwanza tabaka lote la chini likiwa kavu, uzunguke nyumba nzima kuona kama kona zinafungana, ndipo ulijenge kwa saruji ukitumia kamba, timazi na pima maji. Tabaka hilo moja likikaa sawasawa, yanayofuata hupanda haraka; likipinda, hakuna mahali pa kulinyooshea. Mabomba ya nyaya za umeme yapangiwe nafasi kabla, kwa sababu kuchimbua ukuta huu baadaye ni kuudhoofisha.

Mkanda wa zege wenye nondo juu ya madirisha, unaozunguka nyumba yote bila kukatika, haupaswi kuondolewa kwa ajili ya kubana matumizi. Ukuta usio na saruji kati ya tabaka unashikwa na uzito wake na mkanda huo. Tetemeko la Septemba 10, 2016 mkoani Kagera, lenye ukubwa wa 5.9, liliangusha nyumba nyingi za tofali zisizofungwa kwa mkanda wala nguzo, na ukanda wa Bonde la Ufa na maziwa makuu haujaacha kutikisika.

Paa ndilo koti la ukuta wa udongo. Litoke nje ya ukuta sentimita 60 angalau, na upande unaopigwa na mvua ya upepo uwekewe baraza. Mbunifu Francis Kéré, alipojenga shule ya msingi ya kijijini kwake Gando, Burkina Faso, iliyokamilika mwaka 2001, aliinua paa la bati juu ya dari ya tofali ili upepo upite katikati na kuondoa joto. Kwa nyumba ndogo, matundu ya hewa chini ya kenchi na dari nyepesi hufanya sehemu ya kazi hiyo kwa bei ndogo. Bafu na ukuta wa jikoni unaorukiwa na maji vipigwe lipu ya saruji kwa ndani, au vijengwe kwa tofali za saruji tangu mwanzo. Nje, jaza viungo kwa mchanganyiko mwembamba wa udongo uleule na saruji, na pale chini ambapo matone ya paa hurusha tope ukutani, piga lipu ya kimo cha nusu mita.

Kabla ya kuchimba msingi, peleka mchoro halmashauri uombe kibali cha ujenzi ukitaja aina ya tofali, na kama nyumba itakuwa ya ghorofa au ya kupangisha watu wengi, matofali machache yapelekwe maabara yakapimwe kwa mashine ya kubana, kwa kuwa vipimo vyote vilivyoelezwa hapa vinatosha nyumba ya chini tu.