Matairi ya trela la safari yanapasuka kwanini, na unachaguaje mapya ya kuaminika

Tairi la trela la safari, lile la kulala ndani linalovutwa nyuma ya gari, likipasuka barabarani lawama zote tunamtupia aliyelitengeneza. Tunasema lilikuwa feki, tunaenda kununua la kampuni nyingine size ileile uwezo uleule, tunajaza upepo kwa kukisia, na haupiti muda linapasuka tena. Tairi mbovu zipo kweli, hilo sikatai, lakini matairi mengi ya trela yanauawa na uzito pamoja na upepo mdogo, na hivyo viwili viko mikononi mwako wewe mwenye trela. Ndo maana kabla hujatoa hela ya tairi jipya nataka upime kwanza.

Na hili jambo lichukulie serious, maana tairi la trela likipasuka haliishii kwenye pancha. Zile waya na vipande vya mpira vinazunguka kwa kasi vinachapa fenda, vinatoboa sakafu, vinang'oa nyaya za umeme na breki, na kama bomba la gesi limepita karibu na gurudumu hapo unaongelea moto. Watu wako wanalala humo ndani.

Kwanini trela linateseka kuliko gari? Moja, matrela mengi yanatoka kiwandani na matairi ambayo uwezo wake umezidi kidogo tu uzito wa trela, yaani ukishapakia vitu vyako hakuna nafasi iliyobaki. Mbili, dereva yuko mbele hajui kinachoendelea huko nyuma, tairi linaweza kuisha upepo akaendelea kukata kilomita tu mpaka aone moshi kwenye kioo au mtu ampigie honi. Tatu, na hili wengi hawalijui, trela lenye ekseli mbili au tatu zilizokaribiana haliwezi kukunja kona vizuri, magurudumu yake hayageuki kwahiyo yanaburutwa kiubavu. Siku unarudisha nyuma kwenye kona kali mwambie mtu asimame pembeni aangalie, ataona tairi limejikunja, chini linaenda huku rimu inaenda kule. Ile mikunjo inavuta mikanda ya waya iliyo ndani ya tairi, inaiachanisha kidogo kidogo, nje huoni kitu. Unakuja kuona siku meno yote, yaani ule mpira wa juu unaokanyaga barabara, yamebanduka kama kipande kizima ukiwa barabara kuu jua linawaka.

Joto ndo muuaji mwenyewe. Tairi likizunguka linakunjika na kunyooka kila mzunguko, na kile kitendo kinazalisha joto ndani ya mpira, ni kama unavyokunja waya huku na huku mpaka unapata moto mkononi na mwisho unakatika. Upepo ukipungua linakunjika zaidi, uzito ukizidi linakunjika zaidi, spidi ikizidi linakunjika mara nyingi zaidi kwa dakika. Vitatu vikikutana tairi hata liwe jipya haliponi.

Sasa kama tayari limepasuka usilitupe haraka, lisome. Ubavu ukikuta umekatika kuzunguka tairi zima na mpira umeiva, mara nyingi hilo lilitembea muda mrefu bila upepo wa kutosha, pengine msumari au valvu ilikuwa inavuja. Meno yakibanduka huku ubavu umebaki mzima, hapo fikiria umri, joto na zile kona. Kama yale yaliyobaki yamelika upande wa ndani tu, ekseli imepinda au imezidiwa mzigo, na hapo ukifunga tairi jipya bila kushughulikia ekseli umechoma hela. Kulika kingo zote mbili ni upepo mdogo, kulika katikati ni upepo mwingi kuliko mzigo, kulika kwa mabonde mabonde angalia beringi na balansi.

Na kama trela lako ni la ekseli mbili, tairi moja likifa lile jirani yake wa upande huohuo limebeba mzigo wa mawili kwa umbali wote mpaka uliposimama. Hilo jirani usiliamini tena. Najua inauma kununua mawili wakati limepasuka moja, ila mimi hapo sina mjadala, badilisha yote mawili.

Haya tupime. Pakia trela kama unavyosafiri kweli, maji, gesi, chakula, vyombo, nguo, viti, majenereta, kila kitu, maana kupima trela tupu hakukusaidii chochote. Maji peke yake lita 150 ni kilo 150. Nenda kwenye mzani wa malori, pima mzigo unaokaa kwenye ekseli huku trela limefungwa kwenye gari, na kama mzani unaruhusu pima upande wa kushoto na kulia mbalimbali. Hii ya pande mbili ni muhimu sana kwasababu jiko, friji, tenki la maji na kile chumba kinachosukumwa nje kutanua trela likisimama mara nyingi viko upande mmoja.

Chukua mfano, ekseli mbili, matairi manne, mzani unasoma kilo 4,000. Ukigawa kwa nne ni kilo 1,000 kila tairi, unaona uko vizuri. Ukipima pande unakuta kushoto kilo 2,200 kulia 1,800, kumbe kushoto kila tairi lina 1,100 kama mzigo umegawanyika sawa mbele na nyuma. Tairi la size ST225/75R15 la daraja D (daraja ni herufi ya uwezo wa kubeba, E iko juu ya D) linabeba karibu kilo 1,150 kwa PSI 65, PSI ndo kipimo cha upepo. Umebakiza kilo 50 tu! Shimo moja, PSI chache zikipungua, umeshavuka. Size ileile ya daraja E inabeba karibu kilo 1,285 kwa PSI 80, hapo umebakiza kilo 185, karibu asilimia 15 ya uwezo wa tairi, na mimi chini ya hapo sikubali kushuka. Watu wengine wanataka asilimia 20 na hawajakosea.

Ila usije ukafikiri tairi kubwa linaongeza uwezo wa trela. Ekseli ina kikomo chake, springi zina kikomo chake, kibandiko cha trela kinakwambia mwisho ni kilo ngapi. Kama mzani umeonyesha umezidi hicho kikomo, dawa ni kushusha mizigo au kuihamisha, sio tairi.

Tukija kwenye kuchagua, soma ubavu wa tairi maana kila kitu kimeandikwa pale. Herufi ST mwanzoni maana yake limetengenezwa kwa ajili ya trela, ubavu wake umekazwa kubeba mzigo, na halifai kufungwa kwenye gari lenyewe. LT ni la pickup na malori madogo, P ni la gari dogo. Tairi la P kwenye trela usifunge, uwezo wake ukiliweka kwenye trela unatakiwa kugawanywa kwa 1.10 na bado ubavu wake ni mlaini. LT wapo wanaolipenda kwenye matrela mazito ya rimu 16 kwasababu ni gumu kwa shughuli, sawa, ila piga hesabu kwanza: ST235/80R16 daraja E inabeba pauni 3,520 (kama kilo 1,597) kwa PSI 80, wakati LT235/85R16 ya daraja hilohilo inabeba pauni 3,042 (kama kilo 1,380). Herufi ya daraja ni moja, kilo ni tofauti, kwahiyo usinunue kwa kuangalia herufi, angalia uzito ulioandikwa.

Spidi nayo ina herufi yake. ST nyingi za zamani mwisho wake ni maili 65 kwa saa, kama kilomita 105, na watu walikuwa wanazikimbiza kuliko hapo bila kujua. Siku hizi utakuta L ambayo ni kilomita 120, M ni 130, N ni 140. Sikwambii ukimbize trela 140, usithubutu, nakwambia tairi lenye N limetengenezwa kuvumilia joto zaidi kwahiyo ukilitembeza kwenye 95 au 100 linakuwa na nafasi ya kupumua. Goodyear Endurance iliyokuja 2017 ni mfano wa ST yenye herufi N. Zipo kampuni zingine pia zinazotengeneza ST nzuri, cha kuangalia ni herufi, uwezo, na kama kampuni inajulikana na inatoa waranti inayosomeka.

Alafu tarehe. Kwenye namba inayoanza na DOT, tarakimu nne za mwisho ni wiki na mwaka, 2323 maana yake wiki ya 23 mwaka 2023. Wakati mwingine namba kamili iko upande mmoja tu, kwahiyo ingia chini ya trela uangalie na upande wa ndani. Dukani sikubali tairi lililokaa stoo zaidi ya mwaka, unalipia jipya wakati umri wake umeshaanza kuliwa. Na kwa yale uliyonayo, meno yakiwa bado marefu yasikudanganye, tairi la trela mara nyingi linazeeka kabla halijalika. Mimi likifika miaka 5 naanza kutafuta hela, 6 ndo mwisho, hata kama linang'aa. Spea nayo inazeeka palepale ilipofungwa, ipigie mahesabu hayohayo. Kama uko Marekani unaweza pia kuingia kwenye tovuti ya NHTSA, mamlaka yao ya usalama barabarani, uangalie kama tairi lako liko kwenye yale ambayo kampuni imeita yarudishwe kwasababu ya kasoro.

Ukipanda daraja, tuseme kutoka D kwenda E, rimu lazima iweze. Geuza rimu uangalie nyuma, uzito na PSI ya mwisho mara nyingi vimegongwa pale. Rimu ya PSI 65 huijazi 80. Na zile valvu za mpira za kawaida nyingi mwisho wake ni PSI 65, kwahiyo daraja E mwambie fundi afunge valvu za chuma zenye nati. Ni kitu kidogo lakini kinaangusha watu, tairi zuri la bei linaisha upepo kwasababu ya valvu ya bei rahisi.

Upepo wenyewe unapimwa asubuhi tairi likiwa baridi, yaani trela limesimama si chini ya masaa matatu na jua halijapiga upande mmoja. Kwa trela la ekseli mbili au tatu jaza mpaka PSI ya mwisho iliyoandikwa ubavuni, maana tairi lililokaza halijikunji sana kwenye kona. Hali ya hewa ikibadilika kwa nyuzi 5 na nusu hivi za Selsiasi upepo kwenye matairi haya ya PSI 65 mpaka 80 unapanda au kushuka kati ya PSI 1 na 2, kwahiyo ukitoka sehemu ya joto ukalala sehemu ya baridi pima tena asubuhi. Ukishatembea, PSI itapanda, ni kawaida kabisa na tairi limetengenezwa likijua hivyo. TAFADHALI usiutoe huo upepo likiwa la moto, likipoa utabaki na upepo mdogo na ndo tumerudi kulekule kwenye joto. Nunua na geji nzuri, zile za kwenye pampu za watu wote zinadanganya sana.

Kama una uwezo wa kuongeza kitu kimoja tu, ongeza sensa za upepo za kufunga kwenye valvu zenye kioo cha kuweka mbele ya dereva. Zinakuonya PSI zikianza kushuka, na tairi linalovuja taratibu unaliwahi kabla halijafa. Ila haziwezi kuona mikanda inayoachana ndani, kwahiyo ukisimama kupumzika zunguka trela, gusa, angalia uvimbe ubavuni au kwenye meno. Tairi moja likiwa la moto kuliko wenzake wote kuna jambo, inaweza kuwa upepo, beringi au breki inayokamata.

Siku ya kufunga mapya, usipige jeki kwenye bomba la ekseli, linapinda, watengenezaji wengi wanataka uinulie kwenye fremu. Funga nati kwa kuruka ruka kama nyota kwa spana ya tork, ile inayopima nguvu ya kukaza, kipimo kiko kwenye kitabu cha trela, na ukitembea kama kilomita 80 simama ukaze tena, ukifika 160 kaza tena. Rimu za aluminiamu ndo hasa zinalegea mwanzoni.

Trela likikaa muda mrefu bila safari jaza upepo kamili, funika matairi jua lisiyapige, weka mbao chini yasikae kwenye maji au oili, na yale madawa ya kung'arisha mpira yenye mafuta ya petroli achana nayo yanakausha mpira. Sabuni na maji vinatosha.