Kutazama ndege Arboretum wakati wa masika

Aprili ikifika, wenzangu wengi Nairobi huangalia mawingu na kurudisha darubini kabatini. Naomba usifanye hivyo. Mvua ya masika ndiyo inayowashusha ndege karibu nasi, mradi uwe tayari kulowa na kusubiri.

Mimi hupenda Arboretum, ile bustani iliyoanzishwa mwaka 1907 kujaribia miti ya kigeni ya kuni za garimoshi. Miti imekuwa mikubwa na kati yake kuna nyasi wazi, kwa hiyo unajikinga huku unaona mbali. Radi ikianza kupiga, toka chini ya miti mirefu.

Vaa gambuti, na suruali uichomeke ndani ya soksi kwa sababu ya siafu. Chukua mwavuli badala ya koti lenye kofia. Kofia huziba masikio, na siku ya mvua utamsikia ndege kabla ya kumwona. Darubini ya 8x42, yaani inayokuza mara nane na yenye lenzi ya mbele ya milimita 42, inatosha. Kioo kikipata matone usikifute kwa shati, maana shati lina vumbi linalokwaruza. Weka kitambaa cha miwani mfuko wa ndani kabisa, kikae kikavu. Andika kwa penseli, na daftari likae ndani ya mkebe wa Kimbo wenye kifuniko.

Ukiingia tu, tega sikio. Kekeo mwenye kifua chekundu hupiga sauti tatu zinazoshuka, tena na tena, hasa mvua ikikaribia. Hujificha juu kwenye majani, basi usipoteze asubuhi nzima ukimtafuta. Mtafute kurumbiza huko chini vichakani, maana kekeo hutaga kwenye kiota chake na kumwachia kazi ya kulea.

Mvua ikinyesha sana, tulia. Ikipungua kuwa manyunyu, ndipo uanze kutembea polepole ukiangalia ardhi. Unatafuta kumbikumbi. Ukiona tundu moja wanapotoka, simama hatua kumi na tano hivi, usisogee tena. Wanapanda kwanza kwenye majani ya nyasi, mabawa yameshikamana kwa maji, wanayapepesa, kisha wanaruka. Hapo kila ndege anakuja na mbinu yake. Shore anamdaka mmoja hewani na kurudi kwenye tawi lilelile. Mnana anawaokota chini bila haraka. Mwewe anapita juu, anamkamata kwa kucha, anainamisha kichwa na kumla akiwa bado anaruka. Juu zaidi kuna mbayuwayu na teleka. Kaa hapo hapo hata nusu saa. Utajifunza tabia za ndege kuliko ukizunguka bustani yote.

Ukikuta msafara wa siafu, usiukaribie, lakini angalia pembeni yake. Panzi na nyenje wanaokimbia siafu humvuta kurumbiza, naye huja karibu sana na watu.

Inua macho pia. Mwezi huu keremkerem wa Ulaya wanarudi kaskazini kuzaliana, kwa kuwa huko wadudu wanaanza kuwa wengi. Mluzi wao laini husikika kwanza, halafu kundi linapita.

Jua likichomoza, tazama vilele vya miti, kwani ndege wengi hukaa huko kujikausha. Shorobo ndiye ninayemngoja kwa hamu kuliko wote: akikunjua bawa unaona wekundu mkali ambao rangi yake ina madini ya shaba ndani yake.

Kama ni mara yako ya kwanza, nenda na Nature Kenya, chama cha wapenda viumbe na mazingira. Wana matembezi ya Jumatano asubuhi yanayoanzia Makumbusho ya Taifa, na wakongwe wao hukuonyesha bila choyo.

Nyumbani, usiirudishe darubini kwenye mkoba wake ikiwa na unyevu, kuvu itaota ndani ya lenzi. Iache mezani usiku kucha, na ukanda wake uuanike kando.