Kabla Hujakaa na Msimamizi Wako: Maandalizi ya Kikao cha Tafakari kwa Muuguzi wa Afya ya Akili

Neno "usimamizi" limetuponza. Muuguzi aliyefanya kazi kwenye hospitali zetu hapa Tanzania akilisikia huona gari la serikali limeingia getini, watu wanne wameshuka na karatasi za vigezo, na wodi nzima inahangaika kuficha ndoo zilizopasuka. Usimamizi huo una kazi yake. Ninaouzungumzia hapa ni mwingine: unakaa na muuguzi mwenzako mwenye uzoefu, au na kikundi cha watu watano sita, saa moja kila mwezi, mnaitazama kazi uliyofanya na mgonjwa na namna ilivyokugusa. Wengine huuita usimamizi wa kikliniki. Mimi huuita kikao cha tafakari, maana jina la kwanza huwatoa watu jasho kabla hawajafika.

Saa moja ni fupi, na vikao vingi huharibika kabla havijaanza. Mtu akiingia mikono mitupu atazungumzia haloperidol, dawa ya kutuliza wagonjwa, iliyokwisha, zamu zinazopangwa kwa upendeleo na chai ya usiku iliyofutwa. Yote ni ya kweli na yote yana mahali pake, lakini mkiinuka hapo mgonjwa hajatajwa hata mara moja.

Kwa hiyo anza kwa kujua unakaa na nani. Kama ndiye anayekupangia zamu na kukujazia fomu ya tathmini, hutamwambia kwamba ulimwogopa mgonjwa. Utamwambia ulifuata taratibu. Brigid Proctor, mkufunzi wa washauri nasaha wa Uingereza, alieleza miaka ya 1980 kwamba usimamizi wa aina hii una kazi tatu: kumkuza mtu kitaaluma, kulinda viwango vya kazi, na kumrudishia nguvu. Akikaa mfawidhi wako, hiyo ya pili humeza zile mbili, hata awe mtu mwema kiasi gani. Wodini kwako hakuna mwingine? Basi semeni mwanzoni kabisa kwamba leo hakuna kinachokwenda kwenye faili lako la utumishi, na mkubaliane mipaka ya siri: kama kuna mgonjwa aliyeumizwa au aliye hatarini kuumizwa, hilo halibaki chumbani. Mipaka itajwe kabla hujafungua kinywa. Ikitajwa katikati ya maelezo yako, utahisi umetegwa.

Kisha chagua kisa. Hapa ndipo ningekuomba utumie muda wako mwingi, na simaanishi kisa chote tangu mgonjwa alipougua. Leta dakika tano tu za kisa hicho.

Nikupe mfano wangu. Mwaka wangu wa pili wodini, ndugu walimleta kijana amefungwa kamba ya katani, mikono nyuma. Tulipomfungua, viganja vilikuwa vimevimba na kamba imeacha mistari myekundu kwenye vifundo. Nikamchoma sindano, akalala, nikaandika: "Mgonjwa ametulia." Mama yake alinifuata mlangoni akauliza, "Mwanangu, akiamka atanitambua?" Nikamjibu bila kumtazama, "Mama, subiri nje."

Kikaoni nilipeleka ile kamba. Niliongea dakika ishirini kuhusu kamba, jamii isiyoelewa ugonjwa wa akili, waganga, ucheleweshaji. Dada aliyekuwa akinisikiliza, amebakiza miaka michache astaafu, alingoja nimalize, akaniuliza, "Na yule mama ulimjibuje?" Nikanyamaza. Nilikuwa nimemkasirikia kana kwamba yeye ndiye aliyefunga mafundo yale. Kumbe kamba alifunga mjomba. Mama ndiye aliyeuza kuku wapate nauli, na hilo nilikuja kulijua kesho yake kwa sababu sikuuliza siku ile.

Tangu hapo huwa natafuta sentensi niliyoandika kwenye faili ili nimalize zamu niende zangu. "Ametulia." "Hana ushirikiano." "Ndugu wameelimishwa." Chini ya sentensi kama hizo mara nyingi pamelala jambo la kupeleka kikaoni. Na usichague wagumu tu. Mgonjwa unayempenda kupita wengine, yule unayemnunulia soda na kumsamehe akikataa dawa, naye ni kisa. Jiulize anakukumbusha nani nyumbani kwenu.

Ukishachagua, andika. Nusu ukurasa inatosha. Wengi wetu tulifundishwa mzunguko wa tafakari wa Graham Gibbs wa mwaka 1988, wenye hatua sita: nini kilitokea, ulihisi nini, kipi kilikwenda vizuri na kipi vibaya, kwa nini ilikuwa hivyo, ungefanya nini kingine, na likitokea tena utafanyaje. Ni ngazi nzuri kama hutairuka ya pili, na ya pili ndiyo tunayoiruka. Tunaandika "nilihisi kwamba daktari alichelewa", na hiyo ni lawama iliyovikwa nguo za hisia. Au tunaandika "nilijisikia vibaya", maneno mawili ambayo kwa Kiswahili chetu hubeba hofu, aibu, kinyaa, hasira na njaa kwa pamoja. Ukishindwa kuitaja hisia, taja mwili: tumbo lilikata, mikono ilitetemeka nikivunja ampuli, nilitaka kucheka. Msimamizi ataanzia hapo.

Kwenye hiyo nusu ukurasa usiweke jina la mgonjwa, wala namba ya faili, wala kijiji. Kuondoa jina peke yake hakutoshi. Ukiandika "mwalimu aliyelazwa wiki iliyopita baada ya kuvua nguo sokoni", mji mzima unamjua. Taarifa za afya zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na kwa mtu aliyejaribu kujiua hatari ni kubwa zaidi kwa sababu Kanuni ya Adhabu ya Tanzania Bara inalihesabu jaribio hilo kuwa kosa. Usiandike kwenye simu yenye kundi la WhatsApp la wodi, kidole huteleza. Daftari dogo linalokaa nyumbani linafaa. Wenzetu waliokwenda Uingereza hulazimika kuandika tafakari tano kila miaka mitatu ili wabaki kwenye rejesta ya wauguzi, na huko nako sharti ni hilo hilo: asitambulike mtu.

Angalia pia ni lini unakaa. Ukitoka zamu ya usiku, nenda kalale. Mtu aliyekesha hulia kirahisi au hakubali lolote, na vyote viwili humpotosha anayemsikiliza. Likitokea jambo zito, mgonjwa amejinyonga au mwenzenu amepigwa, msigeuze kikao cha kawaida kuwa mahali pa kumlazimisha kila mmoja asimulie alichokiona. Shirika la Afya Duniani halishauri kuwakalisha watu mara moja tu, tukio likiwa bado bichi, wakalirudia kwa kina ili kuzuia madhara ya baadaye. Siku hizo za kwanza mtu anahitaji chakula, usingizi, usafiri wa kumfikisha nyumbani, na mwenzake wa kumshikia zamu. Anayetaka kusema asikilizwe, asiyetaka aachwe. Kikao cha tafakari kina wiki zake baadaye.

Kwa msimamizi sina mengi. Soma mlichokubaliana mara iliyopita, panga viti visitazamane kama vya usaili, na usikae ofisi ya wauguzi ambako kila anayetafuta panadoli hufungua mlango. Jizuie kutoa jawabu dakika kumi za mwanzo. Najua ulishawahi kukutana na kisa kama hicho, ngoja kwanza.

Pasipo msimamizi kabisa, wauguzi watatu wa ngazi moja mnaweza kukaa wenyewe, mradi mmoja ashike saa na anayeongoza abadilike kila mara. Msipobadilishana, mwenye sauti kubwa huwa mfawidhi bila barua ya uteuzi.

Halafu kuna funguo. Nimeona kikao kizuri kikifa kwa sababu muuguzi aliingia na bonge la funguo kiunoni: mlango wa wodi, kabati la dawa, chumba cha kutengwa. Ndani ya nusu saa aligongewa mara tatu, na kila alipotoka alirudi na uso mwingine, akauliza, "Nilikuwa nimefikia wapi?" Mara ya tatu alisema kisa chenyewe kilikuwa kidogo tu, akaomba tufunge. Kwa hiyo makabidhiano yafanyike kama ya kubadili zamu kamili: nani anabaki na wagonjwa wangapi, nani anaangaliwa kila dakika kumi na tano, dawa gani ya saa nane haijatolewa, na funguo zote, pamoja na ule mdogo wa kabati la dawa, ziwe mfukoni mwa mwingine kabla hujaketi.