Kuanzisha kikundi cha kusomeana hadithi fupi Nairobi

Kama unaandika hadithi na zinabaki tu kwa simu yako, tafuta watu wanne. Usitafute ishirini. Hadithi moja ikisomwa yote na kuzungumziwa vizuri inakula karibu saa nzima, na Jumamosi zenyewe mnajua, kuna kufua, kuna chama, kuna matanga ushago.

Mahali: Jeevanjee Gardens ni bure, bustani ya umma tangu 1906, mnakaa chini ya mti, ila nendeni mapema kabla wahubiri hawajawasha spika. Maktaba ni pazuri kwa kuandika lakini huku mtakuwa mnasoma kwa sauti, so mvua ikinyesha afadhali sebule ya mtu. Na kama mmoja anatoka Rongai na mwingine Kasarani kutaneni tauni, maana yule wa kupanda matatu mbili kila wiki ndiye ataacha kuja wa kwanza.

Sasa hapa ndio muhimu. Aliyeandika asisome hadithi yake. Mpe mwenzako asome, wewe nyamaza na ushike kalamu, kwa sababu ukisoma mwenyewe sauti yako inaziba mashimo yote, unajua pa kupumua, unajua nani anaongea. Mwenzako akijikwaa kwa sentensi, weka alama hapo. Akimaliza kila mtu aseme alipotea wapi na ni kitu gani bado anakiona kichwani, basi. “Iko poa sana” haimsaidii mtu. Na ukijipata unasema “hapo nilimaanisha…” jua hicho kitu hakiko kwa karatasi, kaandike.

Kwa uandishi wenyewe, sisi tuliopitia KCPE, ule mtihani wa darasa la nane, kabla ifike mwisho 2023 tuna tabia moja ngumu kutoka: insha. Tulifunzwa kuanza na “Waama, wahenga hawakukosea waliponena”, jua lichomoze, ndege waimbe, ndio tupate maksi. Dada mmoja kwetu alileta hadithi ya msichana wa kazi anayedhulumiwa mshahara, na ukurasa wa kwanza wote ulikuwa methali na mawingu, huyo msichana mwenyewe hata hajaingia. Tukamwomba afute ukurasa mzima, hadithi ikaanzia hapa: “Mama Brian alihesabu noti mara mbili, akarudisha moja kwa pochi.” Nilishtuka vile kila mtu aliinua kichwa. Sentensi moja na tayari unajua nani ana nguvu na nani anaumia.

Kwa hivyo jaribu hivi, mtu mmoja, anataka kitu kimoja, siku moja. Usiseme alihuzunika, mwache akoroge chai mpaka ipoe. Angalia pia ile -ka-, akaamka akaoga akavaa akatoka, kitenzi cha sita msomaji ashaanza kuruka, so ruka wewe kwanza, mtoe kitandani mpeleke moja kwa moja kwa mlango wa bosi. Mazungumzo nayo yaache yaongee kama watu wa hapa, makanga haongei kama mwalimu wa Kiswahili, mkiandika Sheng andikeni ile ya mtaa mnaoujua kabisa maana ya Kayole na ya Kibera hazifanani na msomaji wa huko atajua umebahatisha.

Urefu, anzeni na maneno kama 2,000, ni kitu cha kumalizwa kwa kikao kimoja. Ukiwa na ndoto ya kutuma mahali, shindano la Commonwealth Short Story Prize huwa wanapokea hadithi za Kiswahili, maneno 2,000 mpaka 5,000, na hawaitishi pesa ya kuingia.

Printini nakala ya kila mtu, si lazima iwe rangi, saiba yoyote tauni watakufanyia. Mwisho wa kikao mwenye hadithi anaenda na karatasi zote zenye alama, na mkikutana tena analeta hiyo hiyo ikiwa imepunguzwa, mpya ingoje.