Kuhama FL Studio kwenda Reaper: nilivyofanya mimi hapa Pasua, Moshi

Faili lilikuwa na sekunde 20. Wimbo mzima wa kwaya, dakika nne na nusu, mimi nimetoa sekunde 20 kutoka FL Studio, programu yangu ya zamani ya kutengenezea muziki. Mwalimu wa kwaya kashuka na watu wake kutoka Machame, amekaa kwenye stuli nyuma yangu na daftari lake la solfa mapajani, waimbaji wako nje wanapasha sauti, na mimi ndiyo siku ya kwanza nahamia programu mpya ya kurekodi, Reaper, mbele ya wateja. "Dada, huo ndio utangulizi?" akauliza. Nikajifanya natafuta waya.

Kosa lilikuwa dogo. Kwenye FL Studio, pembeni ya kitufe cha kucheza, kuna swichi ya Pat na Song. Ikiwa kwenye Pat, ukitoa faili unapata kile kipande kimoja ulichokuwa unakigusa, basi. Kwenye Song ndipo wimbo wote unatoka. Nilikuwa naijua swichi hiyo kwa miaka, lakini siku ya kuhama mtu anasahau hata jina la mama yake.

Kwa nini nilihama? Si kwa sababu FL Studio ni mbaya. Ilizaliwa 1997 ikiitwa FruityLoops na mpaka leo damu yake ni ya mashine ya ngoma: unawasha vibox, kiki hapa, snea pale, unanakili, biti imesimama. Chalii akitoka Arusha na mistari yake kwenye simu, sijaona programu ya kumhudumia haraka zaidi. Kwaya ni jambo lingine. Ni maiki nane kwa mpigo, dakika tano bila kusimama, halafu soprano wanateleza beti ya tatu na wote wanarudia kuanzia pale. Nilikuwa napoteza muda mwingi kupanga vipande kuliko kusikiliza.

Reaper imetengenezwa na kampuni ya Justin Frankel, yule yule aliyetuletea Winamp ya kwenye kompyuta za intaneti kafe. Kifurushi chake ni kidogo, hakimalizi bando. Unaijaribu siku 60 ikiwa kamili, kisha leseni ni dola 60 kama biashara yako haiingizi zaidi ya dola 20,000 kwa mwaka. Hilo sharti la pili sikulisoma mara mbili.

Sasa kazi yenyewe. Kwanza, usihamishe wimbo ambao haujaisha kama unaweza kuumalizia kulekule. Nilikuwa na nyimbo 11 njiani. Nane nilizifunga kwenye FL Studio, tatu tu ndizo nikazivusha, kwa kuwa zilikuwa bado zinasubiri sauti. Faili la FL Studio halifunguki kwenye Reaper. Kinachovuka ni sauti na noti. Vifundo, efekti na mipangilio vinabaki nyuma. Na kama unatumia toleo la majaribio la FL Studio, lile linakuruhusu kuhifadhi mradi lakini halikuruhusu kuufungua tena, basi toa sauti zako kabla hujafunga dirisha.

Hifadhi nakala ya mradi kwa jina jipya, ufanyie fujo humo. Kila ala ipe traki yake, yaani njia yake ya sauti, kwenye mikisa (ubao wa kuchanganyia sauti) na uiandike jina: kiki, besi, kinanda, kayamba. Ala isiyo na traki yake inamwagikia kwenye masta, traki ya mwisho zinapokutana sauti zote, na hutaiona tena. Kwenye masta zima efekti zote, limita, kompresa, vyote, maana utavipanga upya mbele ya safari. Kama ngoma zote umezikusanya kwenye traki moja ya pamoja, chagua utabeba ipi, ile ya pamoja au zile moja moja. Ukibeba zote utasikia ngoma mara mbili, na utadhani Reaper ina kiki nzito.

Halafu swichi kwenye Song (sasa unajua), nenda kutoa faili la WAV, na kwenye dirisha linalofunguka weka tiki kwenye Split mixer tracks. Chagua biti 32 za float. Siyo biti ya kuchana, biti ya kompyuta. Sababu ni kwamba ndani ya FL Studio traki inaweza kupita sifuri, yaani kikomo cha juu cha ukubwa wa sauti, bila wewe kugundua. Ukitoa kwa biti 24 kilele kinakatwa na hakirudi, kwa 32 za float kinabaki na utakishusha baadaye. Gharama yake ni nafasi: kwa 44,100 Hz, wimbo wa dakika nne na nusu unakula kama MB 95 kwa kila traki ya stereo. Traki 18 ni GB 1.7. Flashi ya GB 2 uliyopewa kwenye semina haitoshi kwa nyimbo mbili. Kwenye kuchagua mkia, weka Leave remainder. Ukiacha Wrap remainder, mwangwi wa mwisho wa wimbo unarudishwa mwanzoni, na kwaya itaanza kuimba ndani ya "Amina" yake yenyewe.

Kama unataka na noti ili ubadilishe kinanda baadaye, toa faili la MIDI (noti tupu bila sauti), lakini kwanza pitia menyu ya Tools, kwenye Macros, ubofye Prepare for MIDI export. Amri hiyo inazivua ala zako zote sauti, ndiyo maana nikasema fanya kwenye nakala. Usishtuke pia ukikuta noti iliyoitwa C5 kule inaitwa C4 huku. Ni noti ileile, majina tu. Mwalimu wangu wa solfa alicheka nilipomweleza. Kwake do ni do popote anapoiweka.

Kwenye Reaper, hifadhi mradi kabla hujaweka chochote, na uweke tiki kwenye kisanduku cha kuunda folda ya mradi na kile cha kunakili sauti humo. Bila hivyo sauti zinatawanyika, na ukihamia laptopu nyingine unafungua mradi mtupu. Kisha andika tempo yako. Reaper inaanza na 120, na ukiingiza sauti kwanza halafu ukabadilisha tempo, vipande vinavutwa na kusogezwa. Peleka mshale mwanzo kabisa, buruta mafaili yote kwa pamoja, na ikikuuliza, chagua kila moja kwenye traki yake.

Usiamini masikio kwamba vyote vimefika. Toa kutoka FL Studio na wimbo mzima kama faili moja, efekti za masta zikiwa bado zimezimwa, uuweke Reaper kwenye traki ya mwisho, kisha bonyeza kitufe cha traki hiyo chenye duara lililokatwa mstari. Mawimbi yanapinduliwa: panapopanda panashuka. Vidhibiti vyote vya sauti viache kwenye alama ya sifuri (siyo kimya), cheza. Kama kila kitu kimevuka, vinafutana na unabaki na kimya, au mvumo mdogo wa mwangwi. Mimi nilisikia kayamba, peke yake, chaka chaka chaka katikati ya kimya. Nilikuwa nimeisahau kwenye masta. Bila jaribio hilo ningegundua siku ya kukabidhi, na yule mama anayepiga kayamba ana sauti.

Mikono nayo itakusumbua wiki mbili. Kule kitufe cha kulia cha mausi kinafuta noti. Huku unaibofya mara mbili. Kukata kipande ni herufi S, kurekodi ni Ctrl+R. Ukikwama bonyeza alama ya kuuliza, inafunguka orodha ya amri zote na unaweza kuzipa vitufe unavyotaka. Washa pia uhifadhi wa kiotomatiki wa kila dakika chache. Betri yangu imekufa na umeme hapa haupigi hodi, wala mvua ya masika kwenye bati haingoji umalize kipokeo, hata nikining'iniza mablanketi yote ya Memorial, soko letu la mitumba.

FL Studio sijaifuta. Kwenye Windows inaingia ndani ya Reaper kama plagini, inaonekana kwenye orodha ya ala baada ya kuskani. Ngoma za wale machalii bado nazipanga kwenye vibox vyangu vya zamani, na sauti zao zinaingia huku.