Supu ya uyoga bila nyama: kazi yote iko kwenye kikaango

Binti yangu alipoacha kula nyama, aliyepata shida ni mimi. Supu zangu zote zilikuwa zinaanza na mfupa. Siku ya kwanza nikakata uyoga, nikautumbukiza kwenye maji yanayochemka pamoja na kitunguu na chumvi, nikauacha nusu saa. Akaonja kijiko kimoja, akakiweka chini polepole. "Mama, haya ni maji yaliyopita karibu na uyoga." Na alisema kweli. Kosa nililijua baadaye: sikuukaanga.

Sehemu kubwa ya uyoga, karibu tisa kwa kumi, ni maji. Maji hayo yakiwa bado yamo kikaangoni, joto haliwezi kupanda sana kupita nyuzi 100, na kwa joto hilo uyoga unaiva tu, haushiki rangi. Ile harufu nzito inayomfanya mtu aulize kuna nyama gani humu inakuja maji yakishakauka na uyoga ukaanza kuwa wa kahawia.

Kwa watu wanne tafuta uyoga nusu kilo, vitunguu maji viwili, punje nne za kitunguu saumu, vijiko viwili vikubwa vya siagi na kimoja cha mafuta, kijiko kimoja kikubwa na nusu cha unga wa ngano, maji lita moja na robo, krimu nusu kikombe, chumvi, pilipili manga na kipande cha limau. Asiyetumia maziwa aweke mafuta mahali pa siagi na tui zito la nazi mahali pa krimu. Supu itakuwa na utamu kidogo, basi ongeza limau. Uyoga uwe wa dukani au wa mkulima anayejulikana. Wa porini usiuguse kama huujui kwa yakini, maana upo wenye sumu isiyotoka hata uuchemshe siku nzima.

Kuosha kunawatia watu hofu bure. Pitisha uyoga chini ya bomba haraka, ufute kwa kitambaa kikavu. Usiuloweke tu.

Vunja vishina, uviweke kwenye sufuria na lile lita moja na robo la maji, maganda safi ya vitunguu na karoti moja kama ipo. Vichemke kwa moto mdogo dakika ishirini na tano hivi, kisha uchuje. Hiyo ndiyo supu ya kuanzia, na imetoka kwenye vitu ambavyo ungevitupa. Ukipenda vile vidonge vya supu, soma karatasi yake kwanza: hata chenye picha ya mboga huweza kuwa na mafuta ya kuku ndani.

Wakati hiyo inachemka, kata vichwa vya uyoga vipande vinene kama kidole chako kidogo. Vyembamba vinasinyaa hadi unavitafuta. Weka kikaango kipana motoni kipate moto hasa, mimina nusu ya mafuta, tandaza nusu ya uyoga. Nusu tu! Ukijaza kikaango, uyoga unajichemsha wenyewe kwa maji yake. Chumvi bado, kwa sababu inayavuta maji yatoke yote kwa mara moja.

Sasa sikiliza. Mwanzo utasikia mlio mwembamba, kama viatu vipya vya mpira sakafuni. Baada ya dakika tatu nne maji yanatoka na kikaango kinatokota kama chungu; hapa ndipo wengi wanadhani umeiva na kuuepua. Uache. Maji yatapungua, mtokoto utanyamaza, kisha utasikia chacharika kavu ya mafuta. Ndipo tia robo ya siagi, geuza mara moja moja, mpaka kingo ziwe za kahawia. Usiogope kuupitiliza, uyoga haurojeki upesi kama mboga nyingine. Toa, rudia na nusu iliyobaki. Weka kando kiganja kimoja cha vipande vizuri vya kupambia.

Kwenye kikaango hichohicho kaanga vitunguu na siagi iliyobaki hadi vilainike, tia saumu nusu dakika, kisha unga. Koroga dakika mbili, la sivyo supu itanuka unga mbichi. Mimina supu uliyochuja kidogo kidogo, ukikwangua kwa mwiko yale yaliyoganda chini. Hayo meusimeusi ni ladha, si uchafu. Rudisha kila kitu kwenye sufuria, chemsha dakika kumi kwa moto wa wastani.

Napenda kusaga nusu na kuacha nusu, mtu atafune kitu. Lakini usifunge blenda kwa nguvu supu ikiwa ya moto. Mimi nilifunga, mvuke ukarusha mfuniko, na doa liko darini hadi leo. Iache ipoe kidogo, jaza blenda nusu, funika tundu la mfuniko kwa kitambaa tu.

Rudisha motoni, punguza moto, tia krimu, chumvi na pilipili manga. Isichemke tena kwa nguvu, krimu isije ikakatika. Zima, kisha kamua limau: matone machache, onja, ongeza. Bila limau supu hii inalala mdomoni. Gawa kwenye mabakuli, tupia vile vipande ulivyoviweka.

Ikibaki, iweke kwenye friji ikishapoa. Kesho utaikuta nzito kama uji; ongeza maji kidogo, pasha polepole, uonje chumvi upya.